Sufuria ya Mjane wa Butembo

Ukitoka stendi ya Bwera kuelekea mpaka wa Kongo, kabla hujafika penye malori yanayosubiri karatasi zao, utaona ubao mrefu uliolazwa juu ya injini mbili za magari yaliyokufa zamani. Hapo Swalik anauza kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo mambo yote ya Bwera yanapoamuliwa, Bwera itake isitake. Siku hiyo, saa nne asubuhi, hakuna aliyegusa siasa. Macho yote yalikuwa kwenye sufuria ndogo iliyofungwa kitenge, imekaa ubaoni kando ya mzee Onen kama mteja anayengoja kikombe chake.

Aliyeileta ni Emérance, mjane wa Butembo, mwenye kibanda cha chakula huko nyuma ya malori. Alikuja peupe, watu wanaona, akaiweka, akasema, “Papa Onen, hii ni ya kwako. Sufuria nitakuja kukamata mangaribi.” Kisha huyo, akaenda zake bila kugeuka.

Onen ni sajini mstaafu, Mwacholi wa kaskazini aliyeletwa huku na jeshi akabaki. Mkewe Aber alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo mzee anakula posho na maharage kana kwamba bado yuko kambini. Sasa pale kijiweni hakuna asiyejua: mjane akimletea mgane chakula kilichofungwa kitenge, hajaleta chakula tu. Sufuria ikirudi tupu, hilo ni neno: umemkubali. Ikirudi imejaa, hilo nalo ni neno, na mama wa watu hatakusalimia tena. Onen alikuwa na mpaka magharibi kuamua, na tumbo lake, ole wake, lilikuwa limeshaanza kunguruma.

Wa kwanza kusema alikuwa Kezironi. Wanamwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia.

— Afande, usifungue. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake mgeni akifika, mwenyeji anaugua, ndiyo anatafuta kupona.

— Haina maana hiyo, Swalik akasema.

— Wewe pika kahawa.

Redio akaanza kueleza habari za mafuta ya mawese. Ati yanaingia mpaka kwenye mifupa. Alimjua bwana mmoja wa Muhokya, mtu mzima na akili zake, aliyekula sombe ya Kikongo, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, mwezi mmoja tu. Wiki ya pili akaanza kuhesabu kwa Kifaransa. Ya tatu akaanza kuvaa suruali nyeupe. Ya nne akavuka mpaka, na mpaka leo mbuzi wake wanalishwa na shemeji.

Bwambale alitikisa kichwa taratibu. Huyu wanamwita Daktari. Ni daktari wa mbuzi, tena wa kujitangaza mwenyewe, lakini akitikisa kichwa watu hunyamaza. Yeye hakuwa na ugomvi na mawese. Shaka yake ilikuwa kwenye unga wa bundu, ule ugali wa muhogo.

— Bundu ya mama yangu iko nyeusi kidogo, akasema. Muhogo unafunikwa na majani, unaota ukungu, unakwangua, unakausha, unasaga. Ya huyu mama iko nyeupe kama karatasi. Kitu nyeupe hivyo inaficha nini?

Swalik akamwambia kuwa Wakongo wengine wanaloweka muhogo kwenye maji siku tatu, ndiyo weupe wenyewe, hakuna siri.

— Sawa. Na kwa maji iko nini?

Swalik, ambaye kweli hakuwahi kuyachungulia hayo maji, akarudi kuchochea tangawizi yake. Onen alisikiliza huku mkono wake ukiwa juu ya kifuniko. Bado kilikuwa cha moto. Alitaka kuuondoa mkono, akashindwa.

Redio akaona Daktari anamzidi, akapanda juu zaidi. Akasema hii ni habari ya miaka mingi, watu hawaoni tu. Zamani mama yake Redio hakula kuku, wala yai, ilikuwa marufuku kwa wanawake, na nyumba ilikuwa na amani. Halafu ikaja reli, reli ikaleta chapati. Chapati ikakaa peke yake miaka mingi, imetulia, mpaka mtu mmoja akaizungushia yai akaiita roleksi. Wanawake wakala roleksi. Yai likawaingia. Na leo, akamalizia, akinyoosha kidole kwenye sufuria, matokeo mnayaona: mwanamke anamletea mwanaume chakula mchana kweupe.

— Usipoziba ufa, akaongeza, utakula ukuta.

Daktari akasema hapana, ni rahisi kuliko hapo. Mchina anakula nyoka, Mfaransa anakula chura, Mzungu anaacha maziwa yaoze halafu anayakata kwa kisu, na panzi wetu wanawatapisha. Kila kabila lina sumu yake ambayo limeizoea toka tumboni mwa mama. Emérance si mtu mbaya. Lakini huwezi kumpa ng'ombe dawa ya mbuzi.

— Na wewe Afande, kwa tumbo, uko ng'ombe.

Onen hakucheka. Mawese hayakumtisha, wala unga mweupe; jeshini alikula vitu ambavyo Daktari asingempa hata mbuzi. Hofu yake ilikuwa nyingine, na hakuweza kuitamka mbele ya watu hawa. Aliogopa kwamba chakula kitakuwa kitamu. Akila cha mwanamke mwingine akashiba, akafurahi, basi Aber atakuwa amekufa kweli. Akaivuta sufuria kuelekea ukingo wa ubao, akawaza kumwachia Swalik airudishe jinsi ilivyo, mambo yaishe.

Ndipo akafika mgeni, dereva wa lori, Mkongo, jina lake Hilaire, amechoka na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasalimu kwa adabu.

— Ba papa, njala iko inaniuma tangu Beni. Hapa Bwera, wapi mutu anakula muzuri?

Redio akainamia viatu vyake. Daktari akaangalia mlima. Swalik akaanza kuosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Wanaume ambao dakika moja nyuma walijua chakula cha dunia nzima, mpaka chura wa Ufaransa, hawakuweza kumwambia mtu mwenye njala aende wapi.

Onen aliwatazama mmoja mmoja kama anakagua gwaride. Kwenye kola ya Redio kulikuwa na doa la rangi ya chungwa, doa bichi la mawese.

— Redio. Asubuhi ulikula wapi?

— Nilionja tu, Afande. Nilikuwa nachunguza.

— Daktari?

— Mimi nachunguza tangu Pasaka.

— Kwa nini mnaniambia nisile?

Mwisho Redio akasema, kwa sauti ndogo ambayo hawajawahi kuisikia kwake:

— Ukimuoa atafunga kibanda, Afande. Sisi tutakula wapi?

Onen akafungua kitenge. Haikuwa sombe. Ilikuwa malakwang, majani machachu ya kwao Acholi ndani ya karanga na ufuta uliosagwa, aliyokuwa akipikiwa na Aber kila Jumapili. Hakuwahi kumwambia Emérance hata siku moja. Basi mama huyo aliwafuata wake za askari wa Kiacholi kambini, akawauliza, akajifunza. Juu yake kulizunguka mduara wa mawese, mwekundu, jambo ambalo Mwacholi yeyote asingelifanya.

Akala. Haikuwa ya Aber. Ilikuwa tamu, na macho yakamjaa machozi, na bado aliendelea kula. Daktari alinyoosha mkono achunguze kidogo. Onen akaihamishia sufuria upande wa pili.

Alipomaliza akamwambia Hilaire, “Nifuate,” akaenda naye mpaka kibandani, jua liko utosini, bila kungoja magharibi. Emérance alikuwa anasonga bundu. Aliipokea sufuria, akaichungulia ndani, akamtazama.

— Sisi kwa malakwang hatuwekangi mawese, Onen akasema.

Mwiko ukasimama.

— Lakini wewe weka tu.