Simu Isiyotakiwa Kupokelewa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu. Viongozi mliofuatana naye kutoka makao makuu. Na wafanyakazi wenzetu mliopo hapa:

Wanaostahili shikamoo tunawapa, na wengine poleni na safari. Karibuni Singida. Sisi wafanyakazi wa Mradi wa Visima tumefurahi kukuona, Mgeni rasmi, ingawa tangu asubuhi chai haishuki. Sababu utaisikia humu humu.

TULIKOTOKA

Ofisi hii ilianza na taipureta moja iliyokuwa ikiruka herufi. Biashara ilipofunguliwa na kompyuta zikaanza kuuzwa madukani kama sufuria, mradi ukatununulia moja. Wengi wetu tulitoka kwenye mashirika ya umma yaliyouzwa. Mzee Mughwai, mlinzi wetu, alikuwa akilinda kinu cha mafuta ya alizeti. Kinu kikapata mwenyewe mpya, yeye akapunguzwa. Alirudi Unyambwa kulima mtama mpaka tulipomwajiri, na kazi hii ameishika kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza aliambiwa kwamba kama hakuna mtu ndani, simu isilie ikakosa wa kuipokea. Mzee alilichukua neno hilo kama amri ya jeshi. Ikilia mara moja tu, hutoka getini mbio, kofia mkononi, akanyanyua mkonga: "Mradi wa Visima hapa, shikamoo!" Hata kwa mtu asiyemjua, hata kwa aliyekosea namba.

TULIPOFANIKIWA

Mwaka huu Dorkas, mtunza takwimu wetu, alijifungua kwa upasuaji. Taarifa ya wafadhili ilikuwa haijafika hata nusu, na takwimu zote zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisini. Fundi Sixbert akaipatia shida hiyo dawa. Nyumbani kwa Dorkas, Utemini, kuna simu na kompyuta ya mumewe. Modemu, yaani kile kidude kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, ikafungwa huku na kule. Dorkas akipiga namba yetu, kompyuta ya hapa ingeipokea yenyewe simu baada ya kulia kidogo, naye angeifungua na kuifanyia kazi akiwa kwake.

Ikagoma. Walijaribu saa za chakula cha mchana, sisi tukiwa tumetoka. Sixbert alibadili waya, akabadili modemu, akailaani laini. Dorkas hakusikia lolote, maana sauti ya modemu alikuwa ameizima mtoto asiamke. Siku moja Sixbert akabaki ofisini aone mwenyewe. Simu ikalia, na kabla kompyuta haijajibu, Mzee Mughwai akaingia anahema: "Mradi wa Visima hapa, shikamoo!" Akasikiliza milio, akarudisha mkonga. "Laini mbovu tena," akasema. "Kila siku inanipigia kelele hivi hivi."

Sixbert alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia, "Mzee wangu, Jumamosi simu ikilia, iache."

"Niiache? Na kama ni Mkurugenzi?"

"Iache tu."

Jumamosi hiyo Mzee Mughwai aliteseka. Simu ilipolia alisimama, akakaa, akasimama tena, akashika nondo za geti ili miguu isimpeleke. Ikanyamaza yenyewe. Akamshukuru Mungu, akaendelea kulinda mlango uliofungwa. Kumbe ndani Dorkas alikuwa kazini, na ile taarifa mliyoisifu makao makuu ndipo ilipomalizika.

KINACHOTUNYIMA USINGIZI

Mgeni rasmi, hapa tunasema kwa woga na kwa heshima. Jumamosi hiyohiyo ulipiga simu, ukakuta laini inatumika mchana kutwa. Ulikuwa na haki ya kudhani mlinzi anaongea na jamaa zake. Jumatatu afisa utumishi akaja, akamuuliza Mzee Mughwai nani aliingia ofisini Jumamosi.

"Hakuingia mtu."

Hapo hapo Dorkas akatokea na mtoto mgongoni, amekuja kutusalimu, furaha imemjaa. Akasema, "Jumamosi niliingia ofisini, nikafanya kazi mpaka jioni!"

Hivyo ndivyo watu wa kompyuta wanavyosema. Wakiifungua wanasema wameingia. Dorkas aligundua alichokisema akataka kueleza, lakini afisa akamkata: "Mtu ama ameingia ama hajaingia." Mzee Mughwai alimtazama Dorkas, akatazama mlango. "Mwanangu," akasema taratibu, "ulipita wapi? Mimi sikulala." Alikuwa ameanza kuyashuku macho yake mwenyewe, na hilo lilituuma kuliko yote.

Amesimamishwa kazi kwa uongo na uzembe. Tumesikia barua ya kumwachisha kazi inasubiri sahihi yako. Leo yuko nje ya uzio, amevaa shati la kanisani.

OMBI LETU

Tungeweza kuomba pikipiki na laini ya pili ya simu. Tutaziomba siku nyingine. Leo tunaomba turudishiwe Mzee Mughwai.

Hatukutaka uamini maneno yetu matupu, maana maneno ndiyo yaliyomponza. Chumba cha kompyuta kimefungwa, na ufunguo tulikukabidhi uliposhuka garini. Kupitia dirisha hili unakiona kioo cha kompyuta, na kiti mbele yake hakina mtu. Dorkas yuko Utemini. Tukimaliza kusoma atapiga, na utayaona maneno yakijiandika. Jana ilikubali. Juzi iligoma. Mawingu yale kule hatuyapendi, maana mvua ikigusa waya, laini hukatika. Ikigoma leo, tafadhali tuvumilie ajaribu tena.

Mungu akurudishe salama kwako, na maji ya visima vyetu yasikauke.

Imesomwa na Ritha kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mradi wa Visima, Singida.

Sasa, Mgeni rasmi, simu iliyo hapo mezani kando yako itaanza kulia. Kwa heshima zote, tunakuomba usiipokee.