Mlalamikaji Aliyebaki Peke Yake

Ndugu waombolezaji, marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Bibi alikuwa akisema hata kuoga alitaka kwanza aelezwe sababu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1983 akahitimu sheria. Miaka yote ya uwakili aliifanyia katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, hata suti yake ya harusi ilinuka rangi.

Mwaka 1986 alimwoa mama, aliyekuwa mchapaji katika masjala ya mahakama. Mama husema alimkubali ili tu aache kurudisha karatasi kila siku kwa kisa cha koma.

Haya yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Mpiga chapa aliyatoa, akaniambia, "Dada, mimi nina watoto." Sikumlaumu. Nanyi nawaona mnavyowatupia jicho wale wanaume wa langoni ambao hakuna hapa anayewafahamu.

Rais aliposhindwa uchaguzi, alibakiwa na wiki kadhaa kabla ya kukabidhi madaraka. Akaanza kufukuza majaji na kubadilisha wakuu wa jeshi. Marehemu na mawakili wenzake watatu wakaenda mahakamani kuomba azuiwe kuteua, kufukuza na kutangaza hali ya hatari hadi aondoke. Simu za vitisho zikaanza. Wenzake wakajitoa mmoja mmoja.

Mama alimsihi, "Baba watoto, jitoe na wewe. Wiki zenyewe si zitakwisha?"

Akamjibu, "Huyu hana tena kura za kutafuta, mama watoto. Sasa atamwogopa nani?"

Naye mwenyewe aliogopa, tusidanganyane. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyemfunga vifungo vya shati, maana yeye alivifunga kombo.

Jumanne iliyopita alianguka kwenye ngazi za ofisi yake, akafariki hospitalini Alhamisi alfajiri. Daktari amesema ni kiharusi, na kweli alikuwa na shinikizo la damu miaka mingi. Mama anamwamini daktari. Mimi ninajitahidi.

Shauri linasikilizwa Jumatatu. Asipopatikana mtu wa kulishika, litafutwa. Baba wadogo wamesema tuliache, yaishe.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Mimi, kitindamimba wake, ni wakili wa mikataba ya viwanja. Sijawahi kusimama mbele ya majaji, na ninaogopa. Jana mchana nilikwenda masjala, nikaandikisha jina langu mahali pa jina lake. Mama, nisamehe, nyumbani nilishindwa kukuambia.

Mungu amlaze baba yetu pema, na sisi atufikishe Jumatatu.