Mzee Kamba Anaziacha Kamba Zake

Tarehe 30 Juni, Mzee Kamba anastaafu baada ya kuvuta mapazia ya jumba letu la maonyesho kwa miaka thelathini na nane. Mimi, mkata tiketi wa dirisha la mbele, nimeombwa niandike haya, na sijui nicheke au nilie. Niliolewa wiki tatu zilizopita, na mume wangu ndiye anayerithi kazi hiyo!

Kwa wasiojua, pembeni mwa jukwaa kuna kamba ishirini na nne za kushushia na kupandishia mapazia na mandhari ya kuchorwa, rangi moja, hazina alama. Mzee alizipa majina ya ukoo. Pazia kubwa ni Mama Mkwe, maana ni zito na halitaki kuharakishwa. Ukuta wa gereza ni Shangazi. Mbingu ya bluu ni Binamu. Mameneja watatu walibandika namba. Zilibanduka kwa jasho la mikono, na waliozisoma walichanganyikiwa zaidi.

Mume wangu naye alichanganyikiwa, tena hadharani. Jumamosi moja mchana, kwenye mchezo wa harusi, Mzee alimwambia amshushe Binamu. Akamshusha Shangazi. Ukuta wa gereza ukatua katikati ya bibi na bwana harusi, na watazamaji wakashangilia wakidhani ndiyo hadithi yenyewe. Mzee alimtuliza: pole mwanangu, hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilishusha mawingu ya mvua kwenye onyesho la sebuleni. Lakini meneja hakucheka. Akikosea tena, alisema, kazi atapewa mwingine.

Basi juzi, kwenye mazoezi ya mwisho, Mzee aliketishwa safu ya tatu. Mimi kando yake, mume wangu peke yake kwenye kamba. Mama Mkwe akafunguka taratibu, kwa ile mikono mizuri ninayoijua. Binamu akashuka, mwezi ukafuata, hakuna kilichogongana.

Mzee aligeuka huku na huku, kisha akaniuliza ni lini pazia lilipakwa rangi nyekundu. Nikachanganyikiwa mimi sasa. Kumbe miaka yote hiyo aliliona kwa nyuma tu, upande wa kijivu! Nilipomwambia ni jekundu tangu zamani, alivua kofia, akaomba lifungwe na lifunguliwe tena, naye atazame vizuri.

Lilifunguliwa mara nne. Meneja alihesabu, kisha akampa mume wangu mkono wa kumkaribisha kazini.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea afya, furaha, na siku nyingi za kukaa upande wa mbele.