Mtungi Niliokimbia Nao Hadi Msumbiji

Wenzangu wa kikundi cha ugonjwa wa sukari, kabla sijawaambia nilivyosimama tena, wacha niwaambie nilivyokuwa mjinga, ili mcheke mapema tumalize hiyo kazi. Nilihesabu jasho kuwa mbio. Nilikuwa Tanga, kwenye kiti cha plastiki, namenya vitunguu, jasho linateremka mpaka kwenye visigino, nikajiambia: leo nimekimbia vya kutosha.

Msicheke sana. Hata wewe uliyekaa karibu na birika ungefanya vivyo hivyo. Sisi watu wa Kathonzweni jasho tunalitafuta. Jua letu ni kavu, likikutoa jasho linalikausha lenyewe na kukuachia chumvi mgongoni. Kwa hivyo mtu akilowa tunajua amelima au amekimbia. Hakuna njia ya tatu.

Wengine mnakumbuka nilivyoanza. Muuguzi wa kliniki aliniambia sukari ikiendelea kupanda, macho ndiyo yatatangulia kuniaga. Na mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ilikuwa Mwingi, kwenye harusi, na nikaondoka kabla keki haijakatwa kwa kuwaza kuku wangu. Ni jirani yangu, huyo ameketi nyuma akijifanya anatafuta miwani, aliyenigongea mlango alfajiri moja akasema, "Leta mtungi."

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Tunateremka mbio hadi mtoni, mitungi midogo mitupu ikitugonga mapajani. Mto wetu juu ni mkavu, kwa hivyo tunafukua mchanga mpaka maji yatokee, tunachota, tunapanda tukitembea. Nikifunga macho nausikia ule mchanga ulivyo baridi asubuhi, na kanga wakipiga kelele vichakani, na jirani akinisema huko mbele bila kugeuka. Sukari ikatulia. Nikadhani nimehitimu.

Halafu binti yangu akajifungua. Mumewe anafanya kazi ya barabara, leo Tanga, kesho Mtwara, keshokutwa Msumbiji, na mke anafuata na sufuria zake. Mtoto ni msichana wa pili, kwa hivyo kwa mila yetu amepewa jina langu. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwenye jina lako huwezi kumtazama kwenye simu tu. Nikafunga mbaazi, raba, sweta, ndiyo, sweta, na mtungi wangu mdogo.

"Huko utakimbia kweli?" jirani aliniuliza.

"Joto nimezaliwa nalo," nikamjibu.

Asubuhi ya kwanza Tanga nilikimbia kama nyumbani. Nimevaa sweta, na sijaonja maji, kwa sababu kwetu huwezi kunywa maji ambayo bado hujayaleta. Lakini ile hewa, ni kama kupumua ndani ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, iliyofunikwa. Kabla ya kufika kona nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza cha watu, kichwa kinazunguka. Watoto wa shule wakaniamkia, "Shikamoo bibi." Nilipokumbuka jibu, walikuwa wameshafika darasani.

Tangu siku hiyo nikachagua kiti. Jasho nalipata bure, mbio za nini? Tukahamia Mtwara, nikapata kiti kingine. Tukavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kiti kikanitangulia.

Huko ndiko nilikoanguka. Nilikuwa nimempakata mjukuu barazani. Binti yangu akasema, "Susu, mbu huyo." Siku hizi ananiita susu, nyanya, kwa ajili ya watoto.

"Yuko wapi?"

"Kwenye shavu la mtoto, mama. Hapo mbele yako."

Nikaangalia. Niliona ukungu tu. Mbu sikumwona, na shavu lenyewe nililijua kwa mkono. Binti yangu akamfukuza yule mbu, akaingia ndani, akarudi na kile kifaa cha kupimia sukari. Aliponipima hakunisomea namba. Aliketi sakafuni akalia, nikawa nabembeleza mtoto mdogo na mkubwa kwa pamoja. Na moyoni namuuliza Mungu: mtoto ana jina langu, nami nisijue uso wake?

Daktari wa huko alisema kwa Kireno na mkwe wangu akatafsiri akiwa ametazama ukuta, maana kwetu mkwe hawezi kumkemea mama mkwe uso kwa uso. Dawa zimebadilishwa, akauambia ukuta, lakini miguu pia ina kazi yake.

Alfajiri iliyofuata nikauchukua mtungi, kwa sababu mkono ulikuwa ukiutafuta. Safari hii niliujaza. Kwetu naenda nao mtupu narudi nao umejaa. Kule nikaenda nao umejaa nikarudi nao mtupu. Nilikimbia kidogo, nikatembea kidogo, nikanywa kabla kiu haijaniita. Jua likichungulia, niko mlangoni. Sweta nikaligeuza mto wa mtoto. Mama mmoja wa Kitanzania aliyeishi hapo mtaani alinihurumia: "Bibi, bomba liko hapa, unakimbilia wapi?"

"Nakimbilia nyumbani," nikamwambia, na sikuwa namdanganya. Kila hatua nilikuwa naiweka kwenye mchanga wetu.

Ukungu ulipungua polepole, hata sikujua siku uliyoondoka. Nilijua tu kwamba asubuhi moja, nikimwogesha mjukuu, niliona kope zake. Moja moja. Ana pua yangu, maskini.

Namshukuru binti yangu aliyelia badala ya kunificha. Namshukuru mkwe wangu, na ule ukuta. Nawashukuru ninyi mliolisha kuku wangu, ingawa jogoo mmoja simwoni na sitauliza. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: ukifika kwa watu, joto lao waulize wenyewe. Na jasho si shahidi. Uulize mguu.

Asubuhi ya kwanza niliporudi, jirani alikuwa mlangoni. Tukateremka hadi mtoni, nikasimama kwenye ule mchanga baridi nikaanza kulia, nikimweleza habari za bahari, na Ruvuma, na mama wa bombani. Alinisikiliza mpaka akachoka. Akauangalia mtungi wangu, akasema:

"Umezunguka nchi za watu zote hizo na mtungi, na umeurudisha mtupu. Sasa nyamaza ufukue, maji hayajileti."