Bi Addolorata na Malaika Aliyenyesha

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi Addolorata Scarpitta anakabidhi mkoba wa posta ya Pietrafosca baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Anakabidhi na pikipiki, ambayo ina gia mbili tu: ya kwanza, na ile ya kumwomba Mungu. Mkuu wa posta wa wilaya ameniomba niandike wasifu wenye staha. Ni mgeni, hanijui vizuri.

Aliajiriwa kwa wiki mbili, kumshikia nafasi shemeji yake aliyeteguka nyonga akicheza harusini. Nyonga haikupona, au ilipona na mwenyewe akanyamaza. Tangu hapo Bi Addolorata amepanda ngazi zote za kijiji hiki kwa jua na kwa theluji. Mbwa wamemng'ata, na inasemekana mmoja wa kule kwenye kinu cha kusaga unga aling'atwa naye. Ukimuuliza anajibu, "Yeye ndiye alianza." Barua ya mtu hakuifungua hata siku moja. Kadi za posta alizisoma zote, kwani kadi haina mlango.

Siri ya kazi yake ni majina ya utani. Kwetu nusu ya wanaume ni Donato, kwa heshima ya mtakatifu wetu. Ukiita Donato uwanjani hata punda anageuka. Kwa hiyo kila mtu ana jina la pili, na hakulipewa kwa mapenzi. Mimi ni Nusu-Sharubu, kwa sababu nilibishana siasa na kinyozi kabla hajamaliza upande wa kushoto. Donato muuza nyama ni Bwana Harusi wa Shimoni: siku ya ndoa yake alirudi nyuma apigwe picha vizuri, akatumbukia kwenye shimo la samadi. Bi Addolorata anayajua majina haya yote, na visa vyake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila sikukuu ya Mtakatifu Donato tunamvika mtoto mabawa, tunamfunga kamba, tunamvusha juu ya uwanja kutoka mnara wa kanisa hadi roshani ya manispaa, huku akisoma sala. Miaka kumi na mmoja iliyopita malaika alikuwa Ersilia Petrella, binti wa miaka tisa. Kapi likakwama katikati. Wanaume wakavuta huku, wakavuta kule, bendi ikarudia wimbo uleule mpaka tarumbeta ikachoka. Malaika akakojoa. Padre alikuwa chini yake kabisa, mdomo wazi, akitoa maelekezo. Meya alifungua mwavuli.

Sisi wakubwa tulicheka, tukaenda kula soseji. Watoto hawakuishia hapo. Kila Ersilia akiingia darasani, miavuli ilifunguka. "Mvua hiyo! Anueni nguo!" Kiongozi wao alikuwa Loreto, mjukuu wa muuza nyama. Kabla ya majira ya baridi Ersilia aligoma kwenda shule, akagoma hata kusogea dirishani. Mama yake akanunua sanduku ili baada ya Krismasi ampeleke kwa shangazi yake Torino. Alimwambia Bi Addolorata mlangoni, "Bora nimkose, kuliko nimtazame anayeyuka humu ndani."

Siku ya pensheni, Bi Addolorata alipita nyumba kwa nyumba, mkoba umefungwa.

"Andika," alimwambia muuza nyama.

"Niandike nini, mama? Mimi shule niliiacha na kalamu yake."

"Mwandikie yule mtoto ulivyopata jina lako. Na usidanganye, nilikuwepo."

"Na pensheni yangu?"

"Imo humu, inakusubiri umalize. Na stempu ununue. Serikali haibebi huruma bure."

Basi tukaandika, vibabu na vibibi, ndimi nje kama watoto wa chekechea. Muuza nyama alieleza lile shimo bila kupunguza harufu. Mwishoni akaweka, "Nilitaka kuhama. Sikuhama. Siku hizi wakiniita hivyo nauliza tu, kilo ngapi?" Bi Addolorata akawa anapeleka barua moja kila siku, anaisukuma chini ya mlango, anaondoka bila kubisha.

Wiki ikapita, na nyingine. Halafu adhuhuri moja mlango ukafunguka kiasi cha mkono, mkono ukatoa bahasha. Zilikuwa barua zetu wenyewe, zimejaa wino mwekundu! Mtoto alikuwa amezisahihisha, na alama juu. Mimi nilipata nne kwa kumi: "Babu Gerardo, kisa kizuri sana, lakini sentensi haiishi mpaka uweke nukta. Rudia." Muuza nyama alipata tatu, akaja posta na barua mkononi. "Tatu! Mimi, niliyemzalisha ng'ombe wa askofu!" Akarudia barua yake. Sote tukarudia. Mama yake Ersilia akalirudisha sanduku dukani, akieleza kwamba mtoto hawezi kusafiri, ana kazi za kusahihisha.

Januari akarudi shule. Loreto akafungua mwavuli. Ersilia akavua koti taratibu, akakaa, akasema, "Heri mvua, Loreto. Kamuulize babu yako habari za shimo." Darasa zima lilijua habari za shimo. Mwavuli ukafungwa, na haukufunguliwa tena darasani.

Wilaya, iliposikia habari za pensheni kucheleweshwa, ilimwandikia Bi Addolorata onyo rasmi. Alimpelekea Ersilia. Lilipata tano.

Bi Addolorata, asante kwa miguu yako, kwa ukali wako, na kwa kutukalisha chini wazee wazima tukiwa na kalamu mkononi. Uende ukapumzike. Tunakuombea magoti yasiyolia, mbwa wenye adabu, na barua nyingi zinazopandishwa ngazini na mtu mwingine.

Wasifu huu ameupitia Ersilia kabla ya kuchapwa. Siku hizi anasomea ualimu, na wino ni uleule. Amenipa sita. Pale kwenye kamba mimi niliandika, kwa ile staha niliyoombwa, kwamba malaika "alipatwa na unyevu". Amekata mstari, na pembeni ameandika: "Babu Gerardo, nilikojoa. Andika."

Nimeandika.

Gerardo, Nusu-Sharubu
Dirisha la mihuri, Posta ya Pietrafosca