Sanda ya Mama Hulda

Aliyempa Tamari habari kwanza ni wifi yake, Kezia. Alimkuta zizini akikamua, akamwambia mama, aliyekuwa mgonjwa kitandani, anawaita wote, na amesema mtoto aje pia. Tamari akaogopa. Tangu mwanawe Lewi azaliwe, mama mkwe wake, Mama Hulda, hakuwahi kumpakata bila kwanza kumzungushia shali ya sufu, hata siku za joto, na Tamari alijua sababu: kigauni cha mtoto kilikuwa cha pamba. Katika nyumba ile ya Marafiki, Wakristo wa dhehebu lililopinga utumwa, pale Indiana, pamba haikuvaliwa wala sukari ya miwa haikulambwa, maana vyote vilitoka mashamba ya watumwa kule kusini. Lakini kitani kipya kilimkwaruza mtoto mpaka akatoka vipele, na duka la mjini lililouza pamba iliyolimwa na watu huru lilikuwa limefungwa.

Mama Hulda alikuwa ameegemezwa mito karibu na dirisha. Alingoja waketi, kisha akasema.

"Sikilizeni wanangu, na msinikatize, pumzi yangu ni haba. Enosi, shamba ni lako, na ile miti ya sukari kule bondeni, inayotoa utomvu mtamu, usiikate hata mbao zikipanda bei. Ukiigema vizuri nyumba hii haitaomba sukari kwa mtu. Kezia, gurudumu la kusokotea uzi ni lako, pamoja na yule ng'ombe wa pembe iliyovunjika, maana anakutii wewe tu. Mjomba wenu Yabezi hajakanyaga hapa tangu nilipokataa keki ya harusi yake kwa ajili ya sukari. Nikifa mwiteni aje kula. Akiuliza kama nilibadili msimamo, mwambieni hapana, lakini kiti chake kipo. Kaburi langu msiliwekee jiwe, sisi hatuweki.

"Sasa nasema na mke wa Enosi. Inua uso, mwanangu, sikuli. Nilipokuwa msichana nilivuka mto na baba kwenda kununua mbegu ng'ambo, upande wa watumwa. Nikaona mwanamke gatini, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa, na mtoto hayupo. Nikamwuliza baba mtoto yuko wapi. Akasema ameuzwa, twende. Siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni jipya la pamba, la maua, nililolipenda sana. Sikulivaa tena. Ndiyo habari yote. Watu husema mama huyu ana dini ngumu, lakini mimi kila nikishika pamba namwona yule. Basi nikimfunika Lewi shali, simkatai yeye.

"Kwenye sanduku langu iko sanda. Kitani chake nilikilima mwenyewe, nikakisokota na Kezia, na kila masika nimekifua na kukianika juu ya majani, sasa ni laini kama sikio la ndama. Ichukue. Mkatie mtoto mashati. Mimi nizikeni na gauni langu la kijivu."

Kezia akashindwa kunyamaza. "Lile la kukamulia, mama? Watu wa mkutano wetu wa ibada watasema nini?"

"Watasema nanuka maziwa." Akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, wakamngoja. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo. "Nimenuka hivyo tangu mlipokuwa mkinyonya, Kezia... hakuna aliyelalamika. Nipeni mtoto. Hicho kigauni kivueni."

Tamari akakivua, akamlaza Lewi uchi kifuani pa bibi yake. Mama Hulda akaweka mkono mgongoni pa mtoto, ngozi kwa ngozi.

"Mungu awape nuru," akasema. "Na msigombane... kwa ajili ya nguo..."

Alifariki kabla ya jua kuzama, mtoto amelala palepale.

Asubuhi Tamari alimkuta Kezia ameitandaza sanda mezani, ameandaa maji ya kumwosha mama yake. Kezia alisema maneno ya mgonjwa si ya kushikwa, na kwamba hawezi kumpeleka mama yake kaburini kama kibarua aliyetoka zizini. Enosi akatazama chini. Tamari, ambaye hakuwahi kubishana na mtu katika nyumba ile, alilitoa gauni la kijivu msumarini, akalikung'uta, akampa Kezia mikononi. Kisha akamlaza Lewi juu ya kitani ili apime mabega, akachukua mkasi, akaanza kukata.