Kiwavi wa Mama Salvina

Benchi la mtaa wa Pasua liliegemea ukuta wa duka la nguo la Chandulal, na mwaka ule wa 1973 hapakuwa na jambo la dunia lililopita pale bila kuhukumiwa. Hilaria, waliyezoea kumwita Mama Salvina, aliwauzia wanabenchi kahawa chungu. Miaka yote alimimina na kusikiliza. Rai yake hakuna aliyeiuliza. Asubuhi hiyo alikuja na birika lake, na tawi la mlimau ndani ya kopo. Kwenye tawi palikuwa na kifuko cheusi, kimefungwa kiunoni kwa uzi mwembamba.

— Mama Salvina, hilo jani bovu la nini? aliuliza Basili, fundi wa malori, jina la kijiweni Injini.

— Si jani. Alikuwa kiwavi. Leo, kabla jua halijawa kali, atatoka kipepeo.

Benchi zima likacheka.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka! alisema Injini. Kiwavi huyo mabawa atafungiwa gereji gani?

— Vipepeo wanashuka mlimani, alisema Sirili, karani, maarufu kama Ripoti. Theluji ikiyeyuka, kila tone lina kipepeo wake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acheni utoto! alikohoa Mzee Eliezeri. Hao ni kazi ya mabeberu. Wanawamwaga kwa ndege, waimalize kahawa yetu. Wameona tunajitegemea, wivu umewashika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Shikamoo, mzee wangu, alisema Hilaria. Lakini sivyo.

Kikombe cha Injini kikakwama kabla ya kufika mdomoni. Hilaria akahisi uso ukiwaka moto. Neno lilikwisha kumtoka. Kifuko kikikaa kimya, atachekwa hadi sokoni Kwa Sadala. Akachomoa daftari lake la kisomo cha watu wazima, akasoma, kidole kikifuata herufi.

— “Siku ya kwanza. Yai moja juu ya jani, kama kichwa cha pini. Siku ya tano. Ametoka mdudu. Anafanana na kinyesi cha ndege, basi ndege hawamtaki. Siku ya ishirini. Amekuwa kijani. Nimemgusa, ametoa pembe mbili zenye harufu mbaya. Siku ya ishirini na nane. Amejifunga uzi, amevua ngozi. Siku ya arobaini na tatu. Kifuko kimekuwa cheusi. Naona madoa ya njano ndani.”

— Nani kakuandikia? aliuliza Ripoti.

— Mkono huu.

Papo hapo kifuko kikaanza kupasuka. Kikatoka kitu kilicholowa, mabawa yamekunjamana kama leso iliyokamuliwa.

— Maskini, kilema! Ngoja nimnyooshee, alisema Injini.

— Usimguse! Anayajaza mabawa maji ya mwili wake. Ukimsaidia, ndipo utamlemaza.

Injini, anayefokea madereva, akaficha mikono kwapani. Kahawa ikapoa vikombeni. Taratibu mabawa yakanyooka, meusi, yenye madoa ya njano, kama alivyosoma. Mzee Eliezeri akavua kofia.

— Mwalimu, alisema, niongezee kahawa.

Hilaria akasikia jina lile likimshuka hadi miguuni. Akamimina bila kumwaga tone.

Vijaya, binti wa Chandulal, alikuwa ametoka mlangoni na futi yake ya kupimia kitambaa.

— Kazuri! Huyo anaishi siku ngapi?

Injini akamtazama Ripoti, Ripoti akamtazama mzee, wote watatu wakamgeukia Hilaria.

— Bado sijui, alisema, kichwa juu.

Kipepeo akapiga bawa, akapita juu ya benchi kuelekea bustani za watu. Hilaria akachomoa penseli nyweleni.

— Birika hilo hapo, jimiminieni wenyewe, alisema, naye alikwisha kuvuka barabara akimfuata kipepeo, daftari mkononi.